Usukani Unaolia

Saa tisa alasiri, nusu saa kabla ya zamu ya asubuhi kutoka, basi la wafanyakazi lilikuwa linazunguka uwanja wa kiwanda kwa mwendo wa kobe. Madirisha yote yalikuwa wazi, redio imezimwa, na dereva ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani kupitia ukuta. Alikata usukani kulia mpaka mwisho, akaurudisha. Tik. Akakata kushoto, akaurudisha. Kimya. Kulia tena. Tik. Mlio wenyewe ulikuwa mwembamba, kama ukucha unaogonga glasi, na mtu mwenye haraka zake asingeusikia hata umshike sikio.

Dereva aliusikia. Mbaya zaidi, aliuhisi viganjani, kwa sababu kila ulipolia usukani ulichelewa kidogo kabla ya kushika, kama mtu unayemwita naye anajifanya hajakusikia. Alisimamisha basi, akazima injini, akabaki amekaa hapohapo. Gari hakuliogopa hata kidogo. Kilichomtia hofu ni kwamba nusu saa iliyopita kaka yake wa tumbo moja alikuwa ameketi hatua nane kutoka kwenye gurudumu hilohilo, mlio ukapita mbele yake waziwazi, naye akatikisa kichwa na kusema, "Safi."

Gereji ya kiwanda kile ilikuwa na utaratibu wake ambao huwezi kuukuta kwingine. Gari likiwa na kasoro halipandishwi kwenye jeki wala halisogezwi juu ya shimo la ukaguzi. Dereva analizungusha mara mbili mbele ya mlango wa gereji, na Fundi Mkuu, yaani kaka yake, anakaa kwenye kiti chake cha chuma, anafumba macho, anasikiliza. Kisha anatamka: beringi ya nyuma kushoto. Au: mkanda umelegea. Wakifungua wanakuta ni hivyohivyo. Miaka ishirini na sita amefanya kazi kwa mtindo huo, na watu walikuwa wakitoka ofisini kuja kumwangalia tu, maana ilikuwa raha. Jeki za gereji zilishika vumbi, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu sikio la mzee lilikuwa halijawahi kukosea.

Asubuhi ya siku hiyo usukani ulikuwa unanguruma, na hiyo ngurumo hata mlinzi wa getini aliisikia. Fundi Mkuu alisema ni pampu, akabadilisha mkanda, akaongeza mafuta, na kweli ngurumo ikaisha. Dereva akazungusha basi mara mbili kama desturi. Ngurumo ilipoondoka ndipo kile kidogo kilichokuwa kimejificha nyuma yake kikatoka hadharani: tik. Fundi Mkuu akafumbua macho, akasema safi, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu kwenye daftari la magari.

"Kaka, na ule mlio mwingine?" dereva alimuuliza aliposhuka.

"Upi tena?"

"Ukirudisha usukani kutoka kulia. Tik."

Kaka yake alicheka. "Wewe tangu mdogo unasikia vitu. Ulikuwa unasikia mpaka panya wa nyumba ya pili. Nenda kazini, mdogo wangu."

Akageuka kwenda kunawa bombani. Dereva alipiga hatua mbili kuelekea kwenye basi, akasimama. Kitu kilimkereketa. Alirudi taratibu mpaka nyuma ya mgongo wa kaka yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, shati lako linaungua."

Mzee aliendelea kusugua vidole. Dereva akasogea hatua moja, akasema tena. Hakujibiwa. Kisha kaka yake akageuka kutafuta kitambaa, akamkuta pale, akashtuka mpaka sabuni ikamponyoka. "Umerudi? Si useme basi."

Dereva alisema amesahau miwani, akaondoka. Alikuwa hana miwani wala hajawahi kuvaa. Njiani mambo yalianza kujipanga yenyewe kichwani. Wifi yake amekuwa akilalamika kwamba mumewe ana kiburi siku hizi, akiitwa haitiki. Mzee mwenyewe amehama kiti chake cha mezani, sasa anakaa anapoweza kuona nyuso za wote. Na akizungumza na mtu humkazia macho mdomoni, mpaka vijana wa stoo walikuwa wanamtania kwamba anahesabu meno yao. Si kiburi. Hasikii. Anayasikia mazito, yale ya kunguruma, lakini membamba yameshamkimbia, na amelificha jambo hilo kama mtu anayeficha ugonjwa wa aibu.

Ndiyo maana sasa alikuwa amekaa ndani ya basi lililozimwa, mikono magotini. Akisema ukweli, Meneja wa usafiri hatalala kabla hajamtoa kaka yake gerejini, na mzee alibakiza mwaka mmoja na nusu astaafu kwa heshima. Huyo ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Ndiye aliyemfundisha kuendesha kwenye uwanja huuhuu, madereva wanaume wamepanga mstari wakicheka, akawaambia huyu siku moja atawabeba nyinyi. Akinyamaza, basi litateremka mlima na wanawake kumi na wanane ndani yake. Kiwanda kilijengwa juu kabisa, na barabara ya kushukia ilikuwa na kona kumi na moja, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu. Kona ya nne na ya tisa zilikatwa kulia mpaka mwisho wa usukani.

Alijiuliza kama inawezekana ni kitu kidogo. Inawezekana. Plastiki iliyolegea, bolti ya kinga ya matope. Lakini plastiki haicheleweshi usukani. Akapiga moyo konde. Atakataa tu, na sababu hataitoa. Kwani jina lake la utani hapo kazini lilikuwa Kichwa Ngumu, na jina kama hilo lazima siku moja limsaidie mwenyewe.

King'ora kilipolia wanawake walitoka makundi kwa makundi, wanacheka, mikoba begani. Walimkuta amesimama mlangoni mwa basi, amefunga mikono.

"Leo hatushuki na hili," alisema. "Halijakaa sawa."

Kicheko kikakatika. Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke mnene wa kitengo cha kushona vifungo, aliyeitwa Mama Mapacha. "Halijakaa sawa vipi? Si limetoka gereji?"

"Limetoka."

"Fundi Mkuu amelipitisha?"

"Amelipitisha."

"Sasa?"

"Sasa mimi nimekataa."

Wakatazamana. Mmoja alisema Kichwa Ngumu ameanza mambo yake. Mwingine alisema watoto wake yuko nao jirani, na jirani naye ana safari zake, asimletee maneno.  Mama Mapacha alimpita ubavuni, akapanda, akakaa kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtupia jicho. Katika dakika mbili basi lilikuwa limejaa watu waliokasirika, na dereva yuko nje. Roho ilimuuma. Hawa ndio aliokuwa anawapigania, nao walimwona mchawi.

Meneja wa usafiri alifika na daftari la magari kwapani. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, nadhifu, anayependa karatasi kuliko magari.

"Tatizo?"

"Usukani unalia, bosi."

Meneja alimwomba awashe na kuzungusha. Alifanya hivyo, abiria wakiwa ndani wamenuna. Meneja alisimama pembeni, akasikiliza kwa uso wa mtu anayejua, akasema, "Mimi sisikii kitu."

"Nikiurudisha kutoka kulia."

"Dada, nimesema sisikii kitu. Fundi Mkuu amesikiliza, ametia sahihi hii hapa. Wewe unajua kuliko yeye?"

Jibu lilikuwa ulimini. Alilimeza. "Leo, ndiyo," alisema.

Ndani ya basi mtu aliguna. Meneja akatabasamu, maana sasa alikuwa amepata la kusimulia ofisini. "Nipe sababu niandike."

"Andika dereva amekataa."

"Hiyo si sababu."

"Ndiyo niliyo nayo."

Kelele zilimvuta dereva wa lori la mizigo, mtu mrefu anayejiona hakuna gari linalomshinda. Aliposimuliwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Mlio tu? La kwangu linalia mwaka wa tatu huu, mbona nipo? Nipe funguo, dada, nawashusha hawa sasa hivi, narudi hata chai haijapoa."

Dereva alizima injini, akachomoa funguo, akazitumbukiza kifuani ndani ya blauzi. "Njoo uzichukue."

Wanawake walicheka kidogo, licha ya hasira zao. Dereva wa lori alikosa pa kuweka mikono. Lakini Meneja hakucheka. Alimwambia kwa upole uleule kwamba ofisini kuna funguo za akiba, na kwamba kesho asubuhi wataongea yeye na yeye kuhusu kazi yake. Akamtuma dereva wa lori akazilete.

Hapo ndipo dereva alipoona kuwa kukataa kwake mwenyewe hakutoshi. Anaweza kurudi nyumbani mikono yake ikiwa safi, na basi likateremka vilevile, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtu mwenye mbwembwe kwenye usukani. Alishuka. Alizunguka mpaka mbele ya basi, akakaa kitako chini kwenye saruji, mgongo kwenye bampa, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

"Mwambie aje na hizo funguo," alisema. "Atanipita juu."

"Unafanya nini?" Meneja aliuliza.

"Nimekaa."

Mama Mapacha alichungulia dirishani. Alimtazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa wa hasira tupu. "Wewe mwanamke," alisema, "kuna kitu hutuambii."

 Dereva alikuwa ameona kaka yake anakuja kutoka gerejini, anafuta mikono kwa tambara, haraka, maana aliona umati, na umati mbele ya gari alilolitia sahihi ulikuwa na maana moja tu. Dereva wa lori, aliyekuwa anarudi na funguo za akiba, alimpa habari njiani kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Uso wa mzee ulibadilika.

Alimjia dada yake pale chini. "Simama."

Akasimama.

"Nimelea mtu wa kunivua nguo mbele za watu?" Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, na wote walidhani ni hasira. Dada yake peke yake ndiye aliyejua sababu nyingine. "Nilikufundisha mimi kushika huu usukani. Mimi. Leo unaniambia sijui kazi?"

Machozi yalimlengalenga. Alikuwa anampenda mzee huyu kuliko mtu yeyote duniani, na alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kwa kuwa alikubali kufumba macho na kusema safi juu ya kitu asichokisikia. Alijiweka ana kwa ana naye, umati wote ukiwa nyuma ya kisogo chake. Akafungua mdomo, akasema bila kutoa sauti hata kidogo, midomo peke yake, taratibu:

Kaka, najua husikii.

Mzee aliganda. Tambara likabaki limening'inia mkononi.

Mlio upo, alisema tena kwa midomo. Lala chini. Tumia mkono.

Nyuma yake hakuna aliyesikia neno. Meneja aliangalia saa. Mzee alipepesa macho, akamtazama dada yake kama mtu aliyekutwa bafuni, na kwa kitambo dereva alidhani atamzaba kofi au atageuka aende zake. Kisha mabega yakamshuka. Akatupa tambara, akapiga magoti, akalala chali kwenye saruji, mzee mzima wa miaka hamsini na minane ambaye watu hawakumbuki mara ya mwisho alilala chini ya gari. Akaingia chini ya basi kwa kisigino na kiwiko, akapotea mpaka kiunoni.

"Tikisa," sauti yake ilitoka chini. "Kidogo kidogo. Kulia, kushoto."

Dereva alipanda, akatoa funguo zenye joto la kifua chake, akafungua usukani. Akautikisa.  Kulia, kushoto, kulia. Huko chini mkono wa kaka yake ulikuwa umeshika tairodi, ile fimbo ya chuma inayopeleka amri ya usukani mpaka kwenye gurudumu, pale mwisho wake palipo na kifundo cha mviringo ndani ya kikombe chake.

"Tena," alisema mzee. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo nusura isisikike, "Tena."

Akakaa chini muda mrefu. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa na grisi iliyokauka, imechanganyika na mchanga. Hakumtazama mtu. Alikwenda gerejini, akarudi na mtaimbo, na alipofika mlangoni mwa basi alisema neno moja. "Shukeni."

Walishuka wote, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini. Mzee alilala tena, akauingiza mtaimbo kati ya chuma na chuma, akausukuma mara moja. Hakutumia nguvu. Kifundo kilitoka kwenye kikombe chake, fimbo ikaning'inia, na gurudumu la kulia likageukia upande wake lenyewe huku usukani umetulia. Mpira wa kukifunika ulikuwa umepasuka zamani, na ndani palikuwa pamelika mpaka hapakuwa na cha kushikia.

Mama Mapacha alikitazama kifundo kile, kisha akatazama barabara inayoanza getini na kuinama. Alikaa kwenye ngazi ya basi. Dereva wa lori alizitia funguo za akiba mfukoni, akasema ana kazi ya kumalizia, akaenda moja kwa moja kwenye lori lake, akainama kuangalia magurudumu ya mbele.

Meneja alifungua daftari. Aliuliza lile swali ambalo dereva alikuwa analiogopa tangu saa tisa. "Sasa, Fundi Mkuu. Hii ni sahihi yako. Saa nane na nusu. Ulilipitishaje?"

Dereva alidakia kabla kaka yake hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama nyuma yake, karibu na taa ya basi. "Mlio umeanza baada ya sahihi, bosi. Alipokuwa anasikiliza haukuwepo. Umeanza nilipozunguka peke yangu." Uongo ulimtoka laini, wala hakuona haya. Angeusema mbele ya jaji.

Mzee aliona macho ya watu yamehamia nyuma yake. Akamgeukia Mama Mapacha. "Amesemaje?"

"Anasema mlio umeanza baada ya wewe kutia sahihi."

Aligeuka akamtazama dada yake. Alimtazama kwa mapenzi na kwa ukali, vyote pamoja, kama zamani alipomkuta ameficha daftari la shule lenye alama mbaya.

"Mwongo huyo," alisema. "Mlio ulikuwepo. Aliniuliza, nikamcheka."

"Kaka, acha."

Hakuona midomo yake, kwa sababu alikuwa ameshamgeukia Meneja. "Andika hivi. Masikio yangu yamekwisha. Mwaka wa pili sasa. Vitu vyembamba sivisikii, na nimekuwa nakaa kwenye kile kiti nafumba macho nikibahatisha. Leo nimebahatisha juu ya watu kumi na wanane. Huyu amekaa chini ya bampa kunifichia aibu, na nyinyi mlitaka kumkanyaga. Hiyo nayo andika."

 Dereva alikuwa analia sasa, waziwazi, wala hakujifuta. Alikuwa ameupigania uongo ule kwa roho yake yote, na mzee ameuchana mbele ya watu, na hakuwahi kumwona mrefu kama alivyomwona wakati huo.

Meneja aliinamia daftari, kalamu mkononi, akaanza kusema jambo humo humo ndani ya karatasi, sauti ya chini ya ofisini, kuhusu utaratibu, na barua, na gereji, na kwamba kwa hali kama hiyo itabidi...

"Bosi," mzee alimkata kauli. "Inua uso."

Meneja aliinua uso.

"Midomo yako nimeikosa. Ukisema na mimi, nitazame. Mkono wangu huu bado unajua gari, na tangu leo nalala chini ya kila moja. Kama unanifukuza, nifukuze nikikuona."

 Meneja alimtazama mzee, akamtazama dereva, akawatazama wanawake waliokuwa wamesogea bila kuambizana, wamesimama nyuma ya wale ndugu wawili, mikoba begani. Akafunga daftari.

"Nimesema," alianza, taratibu, akifungua mdomo vizuri, "kwamba kesho uje ofisini tuzungumze."

"Hapo nimekupata. Nitakuja." Mzee aliokota tambara lake, akaanza kufuta grisi kidole kimoja kimoja. "Na hawa je? Wana watoto wanawasubiri. Leo unawashushaje?"

Meneja alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya basi jingine.